Somo: Helikopta ya MD 530F kwa askari wa sentimita 10

Wengi wetu tuna askari wadogo waliotoka kwenye marundo ya vinyago vya mitumba kwenye masoko ya Toi au Gikomba, Nairobi, wale wanaokunja magoti na viwiko. Gari la kuwapakia halisumbui kupata. Helikopta ni adimu, na ukiibahatisha utakuta mapanga, yale mabapa yanayozunguka juu, yamevunjika. Basi tuunde yetu, na iwe ya nyumbani: MD 530F, aina ambayo jeshi la Kenya lilipokea ndege sita mwaka 2020. Ni ndugu wa zile MD 500 ambazo wakazi wa Embakasi, penye kambi ya helikopta za jeshi, wamezisikia juu ya mapaa yao tangu miaka ya 1980.

Kipimo kabla ya kisu

Askari hawa ni wa inchi 3¾, yaani sm 9.5 hivi. Hasbro, kampuni ya vinyago ya Marekani, walikitumia kipimo hicho mwaka 1982 walipoirudisha G.I. Joe, ambayo mwaka 1964 ilianza na wanasesere wa inchi 12. Mwaka 1983 wakatoa helikopta ya Dragonfly pamoja na rubani wake, Wild Bill. Kwa mkato, mtu halisi amegawanywa kwa 18. Duara la mapanga ya MD 530F ni mita 8.33. Gawanya kwa 18, unapata sm 46.

Hiyo inajaza meza nzima. Fupisha mapanga na mkia bila wasiwasi, watengenezaji wa vinyago hufanya hivyo kila siku. Kiti ndicho kisichofupishwa. Askari asipoweza kuketi, magoti yakiwa yamekunjwa na kichwa hakigusi paa, umetengeneza pambo la rafu. Kwa hiyo mketishe askari wako mezani, pima kutoka matakoni hadi juu ya kofia, ongeza sm 1. Hicho ndicho kimo cha ndani, na vipimo vingine vyote vitafuata hapo.

Vifaa

Vipande vya bodi ya PVC ya mm 3 (mafundi wa mabango huvitupa, omba), chupa ya soda ya plastiki, spoku moja ya baiskeli pamoja na nati yake, mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha, supaglu, msasa, koleo, kisu kikali na rula ya chuma.

Kazi yenyewe

1. Kata mbavu mbili za pembeni zenye umbo la yai, mkia ukichomoza nyuma. Zitenganishe kwa vipande vya upana wa sm 8 ili marubani wawili waketi bega kwa bega. Gundisha sakafu na viti, kisha waketishe tena kabla hujafunika chochote.

2. Paa na tumbo vinahitaji mpindo. Chovya bodi kwenye maji yaliyotoka tu kuchemka, ikilegea ibane juu ya chupa mpaka ipoe. PVC hukaa jinsi ulivyoipinda. Vaa glavu nene.

3. Vioo vya mbele. Usikate katikati ya chupa, hapo plastiki hupinda upande mmoja tu na pua itakuwa kama bomba. Kata kwenye bega la chupa, chini kidogo ya shingo, ambako inapinda pande mbili. Toa vipande viwili, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, uviunganishe kwa mwimo mwembamba katikati. Ndege yenyewe iko hivyo.

4. Mapanga, na hapa tusiharakishe. MD 530F ina mapanga matano, kwa hiyo kila moja liko nyuzi 72 kutoka kwa jirani yake. Chora kwa protrakta juu ya kisahani cha bodi, usikadirie kwa macho: pangilio likipotoka kidogo, mzunguko mzima unayumba. Kila panga liwe na upana wa sm 1 na urefu wa sm 16 au 17, kingo zipigwe msasa ziwe butu. Kata sm 5 za spoku upande wenye nyuzi za nati. Toboa paa, gundisha mrija wa kalamu humo, pitisha spoku kutoka ndani, kisha kunja ncha ya chini kwa koleo isichomoke. Juu weka kisahani kilichogundishwa mapanga na ukaze nati. Ukitaka kupanda matatu, unafungua nati na mapanga yanaingia kwenye mkoba.

5. Miguu ya kutulia, mkia wenye umbo la T, mapanga madogo ya nyuma. Kama ndege inakalia mkia, ficha sarafu kadhaa chini ya sakafu karibu na pua.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu, kwa majina ya mitaa yao

*Kayole:* Fundi, wangu ni wale wa inchi 12. Nizidishe tu?

Ukizidisha utapata duara la mita 1.39, kwa kuwa hao wamegawanywa kwa 6. Halipiti mlangoni. Tengeneza chumba cha rubani kwa kipimo kamili, halafu mapanga uyafupishe nusu.

*Rongai:* Mkia nilitengeneza kwa styrofoam. Rangi ya kupulizia imeula, una mashimo.

Kiyeyushi cha rangi hiyo hula styrofoam, na supaglu pia huila. Tumia gundi nyeupe ya mbao, paka rangi ya maji kwa brashi. Huo wa sasa ubadilishe kwa PVC.

*Umoja:* Kijana wangu ana miaka mitano. Ni salama kweli?

Mama, kwake kata mapanga kwa soli ya malapa ya zamani, na ncha ya spoku izibe kwa tone kubwa la gundi. Kama kuna mdogo wake chini ya miaka mitatu, nati isiwepo kabisa, ataimeza.

*Donholm:* Naweza kwenda Embakasi kupiga picha za ile halisi?

Usijaribu, ndugu. Kambi ya jeshi haipigwi picha. Subiri Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba, helikopta za jeshi hupita juu ya sherehe mchana kweupe.

*Kahawa West:* Na mota?

Mota ya volti 3 kutoka kinyago kilichokufa inatosha, lakini ukiifunga moja kwa moja kwenye spoku mapanga yatazunguka kasi mno. Toa na giya zake za plastiki kwenye kinyago hichohicho, ndizo zitakazoipunguza. Betri ziweke puani, utaokoa sarafu zako.