Kumpima paka virusi vya lukemia na kuyasoma majibu yake

Paka mgeni anapoingia nyumbani, awe ameokotwa jalalani au ametolewa kwa jirani, mtenge kwanza katika chumba chake, akiwa na bakuli lake na sanduku lake la mchanga, hadi damu yake ipimwe. Virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka, ambavyo William Jarrett na wenzake walivigundua huko Glasgow mwaka 1964, huenea zaidi kwa mate, yaani paka wanaporambana, wanapokula sahani moja au wanapoumana. Mama naye huweza kuwaambukiza watoto tumboni au kwa maziwa. Nje ya mwili havidumu zaidi ya saa chache, na sabuni ya kawaida huviua, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchoma matandiko. Binadamu haambukizwi.

Usingoje dalili, kwa sababu paka anaweza kubeba virusi hivi kwa miaka huku akiwa mnene na mchangamfu. Zinapojitokeza, huwa ni kukonda, homa isiyokatika, vidonda vya kinywani, kuharibu mimba na upungufu wa damu. Huu wa mwisho unaweza kuuchunguza mwenyewe: inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, ubonyeze ufizi kidogo, kisha uachie. Ufizi wa paka mwenye afya ni wa waridi, na rangi yake hurejea ndani ya sekunde mbili. Ukiukuta umepauka kama karatasi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, ingawa viroboto na minyoo nao hupausha ufizi, na kipimo cha damu pekee ndicho kitakachoamua.

Daktari huchukua damu kidogo na kuiweka kwenye kifaa kinachotafuta protini ya virusi iitwayo p27. Majibu hutoka kwa takriban dakika 10. Ikiwezekana, omba itumike plazima au seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, badala ya damu nzima, ambayo wakati mwingine hutoa majibu ya uongo. Kwa kuwa kinachotafutwa ni sehemu ya virusi vyenyewe, si kingamwili, mtoto wa paka hupimwa akiwa na umri wowote, na chanjo ya zamani haivurugi kipimo. Siku ya chanjo, hata hivyo, damu itolewe kabla ya sindano.

Wengi hukosea katika kuyasoma majibu. Jibu la kutokuwa na maambukizi halitoshi ikiwa paka alikuwa na wenzake wasiojulikana hali zao, kwa kuwa protini hiyo huweza kuchukua hadi siku 30 kuonekana. Rudia kipimo baada ya muda huo, ukihesabu tangu siku ya mwisho aliyochangamana nao. Jibu la kuwa na maambukizi nalo si hukumu, hasa kwa paka asiye na dalili yoyote, na kwa maoni yangu kumchoma sindano ya kumuua kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kifaa cha kupimia ni pupa. Omba sampuli ipelekwe maabara kwa kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya virusi ndani ya chembe za damu. Miili ya paka wengine huvibana virusi hadi p27 ikatoweka kwenye damu, ingawa vinasaba vyake hubaki vimejificha. Kwa wengine virusi huendelea kuzaana, na wengi wa hawa hufa ndani ya miaka 3 hivi.

Paka aliyethibitishwa abaki ndani, ahasiwe, asipewe nyama mbichi, na aonwe na daktari kila miezi 6. Paka wengine wote wa nyumba hiyo nao wapimwe. Asiye na maambukizi huchanjwa kuanzia wiki 8 za umri, sindano mbili zikiachana wiki 3 hadi 4, kisha nyingine baada ya mwaka. Chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, na ndiyo maana kipimo hutangulia.