Disco Elysium: jinsi ya kumjenga mpelelezi wako na kutumia pointi bila kuzipoteza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binamu yangu aliyekuwa amekwama Martinaise, mtaa ambamo gemu hii inachezwa. Majaribio yake karibu yote yalikuwa yamefungwa, pointi zimekwisha, na hajui aanzie wapi. Alidhani dadu zinamchukia. Kumbe shida ilikuwa moja tu: kila akipata pointi aliitumia palepale. Ukichukua jambo moja hapa, chukua hilo: pointi ya ujuzi ina kazi kubwa zaidi ikiwa bado mkononi.

Kwa ambaye hajaicheza, Disco Elysium ni gemu ya studio ya ZA/UM iliyotoka mwaka 2019, na toleo la The Final Cut la mwaka 2021 likaongeza sauti kwa wahusika wote. Wewe ni askari mpelelezi aliyeamka hotelini bila kukumbuka hata jina lake, na nyuma ya hoteli maiti inaning'inia mtini. Hakuna mapigano kama ya gemu nyingine. Kumhoji shahidi, kufungua mlango, kufyatua risasi, vyote ni majaribio yanayoamuliwa na stadi 24 na dadu mbili. Kila stadi pia ni sauti inayoongea kichwani mwako. Majina ya stadi nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Hatua ya 1: Gawa sifa

Sifa ziko nne: Intellect, Psyche, Physique na Motorics. Kila moja huanza na 1, unapewa 8 za kugawa, na mwanzoni hakuna inayozidi 6. Kila sifa inabeba stadi sita.

Sifa ikiwa 4, stadi zake zote sita zinaanza na 4. Hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana haraka ni kwamba sifa hiyohiyo ndiyo inayoweka kikomo cha kujifunza. Stadi iliyoanza na 4 unaweza kuiongezea pointi 4. Iliyoanza na 1 utaiongezea 1, basi. Shika hilo, tutalihitaji sana hatua ya 5.

Ushauri wangu ni kuwa na sifa mbili zenye nguvu na mbili dhaifu. Usigawe 3 kila mahali. Mpelelezi wa namna hiyo hafi mapema, lakini hana sauti inayotawala kichwani mwake, na gemu hii utamu wake wote uko kwenye sauti hizo. Kwa anayeanza, napendekeza Psyche 5, Motorics 3, Intellect 2, Physique 2. Psyche inakupa Empathy ya kusoma mioyo ya watu, Volition ya kukushikilia usivunjike, na Esprit de Corps ya kumwelewa mwenzako Kim Kitsuragi. Motorics inakupa Perception, na bila Perception utapita kando ya vitu vingi bila kujua vipo.

Physique 1 nakukataza kwa mara ya kwanza. Sababu iko hatua ya 3.

Hatua ya 2: Chagua stadi kuu

Stadi kuu inapata nyongeza ya 1. Chagua ambayo ungependa kuisikia ikiongea kila saa. Mimi huchagua Empathy au Volition.

Hatua ya 3: Usife chumbani

Afya yako inategemea Endurance, ambayo ni stadi ya Physique, na moyo wako (Morale, yaani ari) unategemea Volition. Kimoja kikifika sifuri, gemu imekwisha, isipokuwa una dawa yake na umeibonyeza ndani ya sekunde chache. Mwenye Endurance 1 anaweza kufa kwa kuwasha taa ya chumba alichoamkia, au kwa kugombania tai yake iliyonasa kwenye feni ya dari. Kwa hiyo sevu kabla ya kugusa chochote, okota dawa kila unapoziona.

Hatua ya 4: Soma asilimia

Hesabu ni hii: dadu mbili, ongeza kiwango cha stadi, ongeza au punguza mambo mengine yanayokuhusu, kisha linganisha na ugumu wa jaribio. Ukifikia au kuzidi, umefaulu. Moja-moja hufeli daima, sita-sita hufaulu daima. Ndiyo maana skrini haikuonyeshi zaidi ya asilimia 97 wala chini ya 3.

Tuseme ugumu ni 12 na stadi yako ni 4. Unahitaji dadu zilete 8 au zaidi, na nafasi yako ni asilimia 42. Ukiongeza pointi moja unahitaji 7, na nafasi inaruka hadi 58. Pointi nyingine, 72. Inayofuata, 83. Kisha 92, kisha 97. Umeona mruko unavyopungua? Pointi ileile iliyokupa 16 au 17 katikati inakupa 5 au 6 tu ukishakuwa juu. Kuipandisha stadi iliyokwisha kuwa na asilimia 92 ni kutupa pointi.

Mbali na majaribio unayobonyeza mwenyewe, kuna yale ya kimyakimya ambayo hayarushi dadu. Stadi ikiwa ya kutosha, inaongea. Isipotosha, hutajua hata kwamba ilikuwa na la kusema. Hayo ndiyo mengi kuliko yote, na ndiyo yanayofanya mpelelezi wako asifanane na wa rafiki yako. Ila usidhani sauti kubwa ni sauti ya kweli. Electrochemistry iliyo juu itakusukumia pombe na dawa za kulevya, na Authority itataka ugombane na kila mtu.

Hatua ya 5: Majaribio meupe, na namna ya kutumia pointi

Hapa ndipo binamu yangu alipoishia, na hapa nitakaa.

Jaribio jeupe ukilifeli hufungwa. Linafunguka tena kwa njia kuu mbili: uongeze pointi kwenye stadi ileile inayohusika, au ugundue jambo jipya mtaani linalobadilisha hesabu ya jaribio lile. Kila pointi 100 za uzoefu zinakupa pointi moja ya ujuzi, na mtu akiiona ile alama inawaka anawashwa kuitumia papo hapo. Asiitumie.

Chukua mfano wa hatua ya 4. Una pointi moja mkononi, jaribio linasema asilimia 42. Mwenye haraka anaongeza pointi kwanza, anarusha akiwa na 58, akifeli amefungiwa na mkono hauna kitu. Mwenye subira anarusha akiwa na 42. Akifaulu, pointi bado anayo. Akifeli, anaiongeza, jaribio linafunguka, anarusha tena akiwa na 58. Piga hesabu: nafasi ya kufeli zote mbili ni asilimia 58 ya asilimia 42, yaani kama asilimia 24. Kwa hiyo mwenye subira ana karibu asilimia 76 ya kufaulu, na mwenzake 58, kwa pointi moja ileile. Ni kama nyumba katika bao la Kiswahili: kete zilizotulia pale zina nguvu kwa sababu hujazimwaga.

Sasa masharti yake, maana bila haya utakwama hata ukifuata kanuni.

Kwanza, kikomo. Stadi ikishafika kikomo chake huwezi kuiongezea pointi, na usipoweza kuiongezea, njia ile ya kwanza ya kufungua imekufa. Ndiyo maana nilisema ushike habari ya sifa. Sifa yenye 5 inakupa nafasi tano za kurudi. Yenye 2, nafasi mbili. Yenye 1, nafasi moja. Binamu yangu alikuwa ameijaza Logic hadi mwisho akiwa na Intellect 2, kabla hajafeli jaribio lolote la Logic. Alipokuja kulifeli moja, hakuwa na pa kuongeza. Baadhi ya mawazo katika kabati la mawazo (Thought Cabinet, mahali mpelelezi anapoweka mawazo yaive na kumpa nyongeza) yanainua vikomo, lakini hulijui linalofanya hivyo mpaka limalize kuiva, kwa hiyo usilitegemee.

Pili, nguo. Kofia, koti, glavu, viatu, karibu kila kipande kinaongeza au kupunguza stadi fulani. Vaa kinachofaa kabla ya kurusha. Lakini nguo hazifungui jaribio lililofungwa. Nimeona watu wakibadilisha shati mbele ya mlango uliofungwa wakisubiri uwe mweupe tena. Hautakuwa. Nguo ni za kupandisha asilimia, pointi ndiyo inayofungua.

Tatu, pointi moja hufungua majaribio yote meupe yaliyofungwa ya stadi hiyo, si moja tu. Basi kama umefeli jaribio la Perception pwani, na unajua kuna jingine la Perception hotelini hujalijaribu, nenda ukalijaribu hilo kwanza. Ukilifeli nalo, pointi moja inarudisha yote mawili. Ramani iliyo kwenye daftari lako huonyesha majaribio yalipo. Itumie.

Nne, usirushe kabla ya kuuliza. Weka kishale juu ya jaribio usome kilichoongezwa na kilichopunguzwa. Ukiona punguzo, jiulize limetoka wapi. Mara nyingi kuna mtu hujazungumza naye vizuri, au uliropoka jambo siku ya kwanza. Saa ya gemu haisogei ukitembea. Inasogea ukizungumza au kusoma. Kuzunguka Martinaise nzima kutafuta nyongeza hakukuli muda wa siku yako.

Tano, kufeli kwingine kunauma. Kuna majaribio yanayokupunguzia afya au moyo ukifeli, kwa hiyo mkakati wa kurusha mapema kwa asilimia ndogo haufai ukiwa umebakiwa na tone moja la afya. Tumia dawa kwanza. Na chini ya asilimia 28 mimi sirushi kabisa, isipokuwa najua kufeli hakudhuru kitu.

Sita, pointi hizihizi ndizo zinazofungua nafasi za kabati la mawazo, na ukitaka kulisahau wazo nalo linakula pointi. Fungua nafasi moja au mbili mapema, kisha acha. Bakiza pointi mbili mkononi wakati wote. Hiyo ndiyo kanuni niliyomwandikia binamu yangu.

Hatua ya 6: Majaribio mekundu, kanuni inageuka

Jekundu ni mara moja tu. Ukifeli, limekwenda, na hadithi inaendelea na matokeo hayo. Kwa hiyo hapa pointi hutumika kabla, wala si baada.

Ukiona chaguo jekundu na mazungumzo yanakuruhusu kutoka, toka. Badilisha nguo. Ongeza pointi zile mbili ulizobakiza. Sigara inaongeza Intellect kwa muda na kukupunguzia afya. Pombe inaongeza Physique na kukupunguzia moyo. Zipo kwa ajili ya nyakati hizi, ingawa Kim atakutazama. Na Kim mwenyewe ni sehemu ya hesabu. Ukimheshimu tangu siku ya kwanza, uaminifu wake utakusaidia pale utakapomhitaji kweli.

Kuna tukio kubwa mbele, silitaji, ambamo majaribio mekundu yanafuatana na huwezi kuondoka. Ukisikia mtaa mzima unaanza kuogopa watu wenye silaha, usiingie humo bila pointi mkononi, afya imejaa, na maswali yote ya uchunguzi umeshayauliza. Mengi unayoyajua kufikia hapo yanageuka kuwa nyongeza.

Hatua ya 7: Acha kurudisha sevu

Bonyeza F8, kitufe cha kurudisha sevu, ukifa tu. Ukifeli, endelea. Waandishi wa gemu hii wameweka kazi kwenye kufeli sawasawa na kwenye kufaulu: mpelelezi anayeimba karaoke vibaya mbele ya hoteli nzima anapata tukio ambalo anayefaulu halioni kamwe. Anayerudisha sevu mpaka kila kitu kifaulu anasoma nusu ya kitabu.

Ukihamia gemu nyingine

Kanuni ya pointi mkononi haihami yote, kwa sababu dadu si zilezile. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 inarusha dadu moja yenye pande 20, hivyo kila nyongeza ya 1 ni asilimia 5 popote ulipo, hakuna katikati yenye thamani zaidi. Humo kinachobeba ni uchawi wa Guidance, unaoongeza dadu ya pande nne kwenye jaribio, na pointi za Inspiration za kurushia upya, ambazo unaweza kuhifadhi nne tu. Ukishakuwa na nne, inayofuata inapotea, basi huko zitumie.

Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 haina dadu kabisa kwenye mazungumzo. Jaribio la Speech likisema 50 na wewe una 49, umefeli kila utakapojaribu. Tafuta magazeti ya stadi, yanakupa 10 kwa muda mfupi, na ukiwa na uwezo wa ziada uitwao Comprehension yanakupa 20. Yaweke begini usiyasome njiani. Soma moja ukiwa umesimama mbele ya mtu, kabla hujaanza kuongea naye.