Kurudia kazi ya picha za harusi Mombasa: kagua vifaa, kisha saa

Mpiga picha aliyekaa miaka bila kushika harusi huogopa kwamba mkono umesahau. Mkono hurudi upesi. Kinachoangusha watu hapa Mombasa ni vifaa vilivyolala kabatini kwenye joto na unyevu, na ratiba ya harusi ambayo mtu haikumbuki tena. Mwezi wa Ramadhani, harusi za Waislamu zinapopungua, ni wakati mzuri wa ukaguzi. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata, ukiingia, simu hazikatiki.

Anza na lenzi. Fungua tundu lake lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma, uchungulie kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Ikiwa kidogo pembeni, picha za kawaida hazitaonyesha kitu, lakini ukielekeza kamera penye jua au taa kali rangi zitapauka. Kuvu iko ndani ya vioo, kwa hivyo kupangusa nje hakusaidii; mpelekee fundi. Baada ya hapo usirudishe lenzi kwenye begi la kamera kwa miezi, maana sponji yake hushika unyevu. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli, punje zinazofyonza unyevu. Ile ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba maji: ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, halafu uitumie tena.

Kwenye kamera, piga karatasi nyeupe kwa tundu dogo la f/16 bila kuilenga sawasawa. Madoa meusi ni vumbi juu ya sensa, sehemu inayopokea mwanga. Kisha piga ukuta wenye mwanga fremu ishirini mfululizo kwa kasi ya 1/4000 ya sekunde. Upande mmoja ukitoka na giza, shata, yaani pazia la mbele ya sensa, inakwama. Betri iliyovimba usiilazimishe kuingia, itupe mahali salama. Fungua na flashi: unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vyake ni betri zilizovuja. Kama ni betri za alkalaini, sugua kwa pamba yenye siki kidogo, kausha vizuri kabla ya kujaribu. Kadi za memori nunua mpya tu, hapo hapana mjadala.

Harusi mbili za kwanza ingia kama msaidizi wa mpiga picha mwingine, hata kwa malipo madogo. Huko ndiko utakakojaribu flashi na kasi bila dhamana ya kazi nzima.

Akdi, yaani kufungishwa ndoa, ndiyo sehemu isiyorudiwa. Bwana harusi akishashikwa mkono na kuozeshwa, jibu lake la kukubali ni sekunde chache. Kaa mahali pako kabla hotuba haijaanza, begani kwa anayeozesha, uso wa bwana harusi ukuelekee, na usipite mbele ya wanaosali. Flashi izime. Wengi huwasha shata ya kimya ya kielektroniki kwa adabu, halafu wakirudi nyumbani wanakuta mistari ya giza kwenye kila picha: taa za LED za bei nafuu hupepesa kwa umeme wetu wa 50 Hz. Weka 1/100 au 1/50, upandishe ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) hadi 3200 ikibidi, na piga picha tano za majaribio mapema.

Usiku wa kupamba ni wa wanawake, wamevua buibui. Kama wewe ni mwanamume, mtafute mpiga picha mwanamke, na kubaliana na familia mapema nani atakayesafisha picha hizo na nani ataziona. Jambo hili liandikwe kwenye mapatano pamoja na malipo ya mwanzo. Ugomvi mwingi wa harusi za pwani huzuka hapo, si kwenye bei.

Ufukweni, kumbuka kwamba bahari yetu iko mashariki. Jua la jioni huzama nyuma ya hoteli na minazi, kwa hivyo mchanga huingia kivulini mapema. Machweo ni kati ya saa 12:10 na 12:45 kutegemea mwezi, na giza hushuka haraka. Anza saa 10:45. Tazama pia jedwali la maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 au 11 jioni, na sehemu nyingine za Nyali na Bamburi hubaki bila mchanga wa kusimama. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo huwa yamepwa. Familia ikikupa tarehe ya bamvua, hamishia picha asubuhi kabla ya saa 3, jua likitoka baharini.

Bi harusi akipambwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kamera ikitoka nje itafunikwa na ukungu. Usipanguse, utarudi. Ifunge ndani ya begi, uliweke nje ya chumba nusu saa kabla ya kuihitaji.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nakili kadi kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kadi zenyewe usizifute mpaka wenye harusi wapokee picha zao zote.