Kuokoa Kanda za Kantri na Kadi za Beziboli Katika Hewa ya Mombasa

Ikiwa umerithi boksi la viatu lenye kaseti za Jim Reeves, Charley Pride na Don Williams, na chini yake zimo kadi za wachezaji wa beziboli ulizozikusanya utotoni bila hata kuujua mchezo wenyewe, usingoje masika mengine yapite. Mji wetu ni kisiwa, na hewa yake ya joto, unyevu na chumvi haina huruma kwa karatasi wala kwa utepe wa sumaku. Hapa ninaeleza namna nilivyoliokoa boksi la nyumbani kwetu Kibokoni, pamoja na makosa niliyoyafanya, ambayo si lazima wewe uyarudie.

Boksi hilo lilijazwa na watu wawili. Marehemu baba alikuwa mpenzi wa kantri, kama walivyokuwa Wakenya wengi wa rika lake, na jioni nyingi aliiweka redio kaseti yake mbele ya redio kubwa ya sebuleni akarekodi nyimbo zilizopigwa. Ami yangu naye alikuwa baharia, na kila meli yake ilipotia nanga Baltimore, Marekani, alituletea pakiti za kadi zilizokuwa na kipande cha chingamu ndani, kikavu kama kigae. Tulikula chingamu kwanza, kisha tukagombania picha. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba mapenzi ya wazee hawa wawili hayakuwa mbalimbali kama nilivyodhani: Jim Reeves alicheza beziboli katika ligi za chini, chini ya klabu ya St. Louis Cardinals, mpaka alipoumia mguu, na Charley Pride alikuwa mrushaji wa Memphis Red Sox, timu ya ligi za Wamarekani weusi, kabla ya sauti yake kumpeleka Nashville, makao ya muziki wa kantri.

Chagua wakati, kisha chagua cha kuanzia

Kazi hii ifanywe wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, ambapo mvua ni haba. Ukianza Mei, kila utakachokikausha asubuhi kitakuwa kimerudi kunyonya unyevu kabla ya alasiri.

Anza na kaseti, si kadi. Kadi iliyokaa vizuri inaweza kungoja mwaka mwingine, lakini utepe huharibika kimyakimya, na mafundi wanaoweza kuitengeneza redio kaseti wanazidi kupungua. Katika kaseti zenyewe, tanguliza zile zilizorekodiwa nyumbani, hata kama zile za dukani zina majalada mazuri zaidi. Jim Reeves alifariki katika ajali ya ndege mwezi Julai 1964, na bado nyimbo zake utazipata katika simu kabla chai haijapoa. Zimehifadhiwa na watu wenye uwezo kuliko mimi na wewe. Lakini kaseti ya baba ina wimbo, na nyuma ya wimbo kuna adhana ya magharibi, mlango wa mbao unaofungwa kwa kishindo, na mama akimwita dada aje kupembua mchele. Hakuna studio iliyoihifadhi hiyo.

Kuikagua na kuitibu kaseti

Itazame kaseti kupitia kidirisha chake kwenye mwanga mkali. Ukiona vijiuzi vyeupe, kama unga uliomwagika, vimeshika kingo za utepe, huo ni ukungu, na kaseti hiyo usiipige kabisa katika mashine unayoitegemea, kwa sababu ukungu utahamia kwenye kichwa cha kusomea, na kutoka hapo utaingia katika kila kaseti itakayofuata. Vaa barakoa, toka nje penye hewa, na tandaza kitambaa cheupe mezani ili usipoteze vipande vidogo. Kaseti nyingi zimefungwa kwa skrubu tano ndogo. Zifungue kwa bisibisi ya nyota, na kabla ya kugusa chochote piga picha kwa simu, maana njia ya utepe ni rahisi kuisahau kuliko unavyofikiri. Futa kingo za utepe kwa brashi laini iliyo kavu, kisha uuhamishe utepe pamoja na magurudumu yake katika gamba la kaseti nyingine isiyo na thamani. Kama gamba limegandishwa bila skrubu, itakubidi ulipasue taratibu kwa kisu kwenye mshono, na hapo ndipo mkono unaotetemeka hugharimu.

Baada ya hapo zungusha utepe wote mpaka mwisho na kuurudisha, polepole, kwa kalamu ya Biki. Umbo lake la pembe sita hushika meno ya kaseti barabara, kama sote tulivyojifunza wakati betri zilipokuwa ghali. Uzungushaji huu huachanisha tabaka zilizoshikana, na pia hupunguza ule mwangwi hafifu unaosikika kabla ya wimbo kuanza katika kaseti zilizolala miaka mingi.

Utepe uliokatika huungwa, lakini si kwa selotepu ya kawaida, ambayo gundi yake huchuruzika kwa joto letu na kunasa mizunguko ya jirani. Tumia utepe maalumu wa kuungia, unaoweza kuagizwa kwa njia ya mtandao. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, na ubandike kiraka upande wa nyuma, yaani ule usiogusa kichwa cha kusomea. Kabla ya kurekodi chochote, hakikisha pia kwamba vijilimi viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti vimevunjwa, ili kidole cha mtoto kikibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya baba asifutike.

Kuihamisha sauti

Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti safi isiyo na mafuta wala rangi. Gurudumu dogo la mpira lifute kwa maji yenye sabuni kidogo na uliache likauke. Unganisha tundu la spika za masikio la redio kaseti na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya, kisha urekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Weka kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde na bit 16, na uhifadhi faili la WAV. Dakika moja ya sauti ya stirio itachukua takriban megabaiti 10, kwa hiyo kaseti ya saa nzima haitazidi megabaiti 650, kiasi ambacho flashi ndogo kabisa ya leo inakibeba. Sauti isifike kilele cha kipimo. Iache chini kidogo, kwani iliyokwaruza haisafishiki.

Ukisikia sauti nzito, kana kwamba mwimbaji amejifunika blanketi, usikimbilie kulaumu utepe. Mara nyingi kichwa cha kusomea hakikai sawa na kile kilichorekodi. Kando yake kuna skrubu ndogo: weka alama mahali ilipo, kisha uizungushe kidogo sana huku kaseti inacheza, mpaka herufi "s" za mwimbaji zisikike kali na wazi. Nilikuwa nimeshakata tamaa na kaseti moja ya Don Williams; robo ya mzunguko ilimtoa chini ya blanketi.

Shida kubwa hutokea baadaye, mtu anapoketi mbele ya kompyuta na kuanza kusafisha. Programu zinaweza kuondoa mchakacho, na pia zinaweza kukata maneno ya mtangazaji na makelele ya nyumbani. Hifadhi nakala moja isiyoguswa kabisa, na katika hiyo usikate hata kikohozi.

Kadi

Kwa kadi nitasema machache, kwa kuwa makosa ya kuepuka ni mengi kuliko kazi ya kufanya. La kwanza ni jua. Nilizikuta zetu zikiwa na unyevu, nikazianika barazani saa sita mchana, na kufikia alasiri zilikuwa zimejikunja kama papadi. Zilipaswa kukaushwa kivulini, zimelala bapa kati ya karatasi nyeupe zisizo na maandishi, chini ya kitabu kizito, kwa siku kadhaa. La pili ni leminesheni, ambayo katika mji huu hupewa kila karatasi yenye heshima, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi orodha ya vyakula. Moto na gundi yake haviondoki tena. Kijana wa duka moja la kupiga chapa aliniuliza kwa wema kama anilaminishie zote kwa bei ya jumla. Kadi moja ilikuwa imeshaingia mashinini kabla sijafungua mdomo.

La tatu ni mipira ya kufungia, ambayo huyeyuka na kula kingo. Kadi zilizogandana usizivute; ziweke ndani ya chombo kinachobana pamoja na vifuko vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, kwa wiki moja, kisha uzikunje kidogo mno uone kama zitaachana zenyewe. Doa la nta au chingamu upande wa picha hutoka kwa kusugua polepole na soksi safi ya nailoni. Likiwa upande wa nyuma penye karatasi tupu, liache.

Tangu mwaka 1957 kadi za Topps, kampuni ya Marekani ya kadi za beziboli, zimekuwa na kipimo kimoja, milimita 63.5 kwa 88.9, na mifuko yake huagizwa kwa kipimo hicho. Ukikosa, vifuko vigumu vinavyong'aa vinavyofunika kadi za harusi vinafaa kwa muda, lakini epuka plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafu.

Watu huniuliza bei. Kadi ya Topps ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees, iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6, na sababu mojawapo ya uadimu wa kadi za toleo hilo ni kwamba mabaki yake yalipakiwa kwenye tishari na kutupwa katika Bahari ya Atlantiki mwaka 1960. Zile alizotuletea ami ni za mwishoni mwa miaka ya 1980, zilizochapishwa kwa wingi usio na kifani. Nyingi hazitalipa hata gharama ya posta. Ninayoithamini mimi ni ya Cal Ripken Jr. wa Baltimore, ya mwaka 1987, yenye fremu ya rangi ya mbao, ambayo nyuma yake, katikati ya takwimu, nimeandika kwa wino wa buluu na mwandiko wa darasa la tatu: "ya kwangu usiguse". Mkusanyaji wa Marekani angesema imeharibika.

Mahali pa kuweka

Tumia kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, na silika ndani yake. Ikibadilika rangi, ikaushe kwa moto mdogo uirudishe. Usiweke mchele badala yake, kwani utaleta fukusi. Kaseti zisimame wima, mbali na spika. Lisogeze kontena mbali na ukuta wa nje, hasa katika nyumba za Mji wa Kale, ambazo mawe yake ya matumbawe hunyonya maji kama sponji. Nakala moja ya mafaili nimeipeleka Voi kwa dada, ambako hewa ni kavu.

Mwisho, keti na mzee yeyote aliye hai aliyekuwepo wakati wa kurekodi, msikilize pamoja, na uandike daftarini kila sauti na dakika yake. Kwenye kaseti yetu, upande wa pili, dakika ya 17, niliandika kwamba mama anamwita dada aje kupembua mchele. Mama aliposikiliza mwenyewe alinisahihisha: aliyekuwa akiitwa ni mimi, na sikuitika.