Kumwandikisha mtoto darasa la kwanza huku kwetu Kusini: nyaraka, maswali ya kuuliza shuleni, na ulinzi wa mtoto

Oktoba kwetu Mtwara na Lindi huja na mambo mawili kwa mpigo. Korosho zinadondoka, na shule zinabandika matangazo ya uandikishaji. Familia nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa huhamia shambani wakati huo, na mtoto anayetakiwa kuandikishwa anahama nazo. Shule zikifunguliwa Januari ndipo mbio zinapoanza.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na ndiye ninayekaa kwenye meza ya uandikishaji. Kila mwaka naona jambo moja. Mzazi anataja jina la mtoto na umri, anaandikiwa, anaaga. Hajauliza mtoto wake atalindwaje hapa, na pengine na sisi hatukumuuliza nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto mchana. Nawaombeni wazazi wenzangu, siku ile isiishie kwenye jina. Hakuna siku nyingine mwaka mzima ambayo mzazi na mwalimu wanakaa meza moja kabla halijatokea tatizo lolote.

Hatua ya kwanza: umri na cheti

Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa elimu ya awali. Msimsukume mtoto wa miaka minne au mitano darasa la kwanza kwa sababu "ana akili". Anaweza kuwa nazo kweli, lakini vidole havijakomaa kushika penseli, na akichoka analala darasani huku wenzake wanaendelea.

Cheti cha kuzaliwa kitafuteni mapema. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, usajili wa RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti hivyo, hufanyika bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi ya mtendaji wa kata. Akishavuka umri huo, mnafuata utaratibu wa ofisi ya RITA ya wilaya, na huko kuna ada na nyaraka zaidi. Ndiyo maana namwambia kila mama ninayemwona na mtoto mchanga: usiondoke kliniki bila kuuliza cheti.

Hatua ya pili: tembea njia ya shule kabla hujachagua shule

Jambo hili wengi hawalifanyi. Mchukue mtoto, tembeeni kutoka nyumbani hadi shuleni saa ileile atakayokuwa anakwenda, asubuhi kukiwa bado na giza la mawingu. Mtwara mjini utakuta barabara ya malori na bodaboda. Kilwa na Mikindani kuna watoto wanaopita pwani na wanavutwa na maji. Kwenye vijiji vya korosho kuna mapori marefu yasiyo na nyumba, na msimu ukiisha hayana hata watu. Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani, na watoto wa kike hupitishwa kisimani kabla ya shule au baada yake. Hiyo nayo ni sehemu ya njia.

Ukimaliza kutembea utajua kama mtoto anahitaji kundi la wenzake, na nani mkubwa kati yao. Kama unamlipa bodaboda, mjue kwa jina, ujue anapokaa, na asimbebe mtoto wako kwa mtindo wa mishikaki, yaani abiria kadhaa kwenye pikipiki moja. Dereva akimtuma mwenzake siku moja, akupigie kwanza.

Hatua ya tatu: mezani

Nenda mwenyewe, usimtume kaka wa miaka kumi na nne. Beba cheti au kadi ya kliniki, namba za simu mbili zinazopatikana, na jina la mtu wa tatu wa kupigiwa. Mweleze mwalimu mambo yanayomhusu mtoto: ana pumu, ana kifafa, ana selimundu, haoni vizuri, hasikii sikio moja, anaongea Kimakonde zaidi ya Kiswahili. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ileile ya kuandikishwa, na kila halmashauri ina afisa wa elimu maalumu wa kusaidia apimwe na apangiwe shule inayomfaa. Asifichwe nyumbani.

Kisha sema wazi, na ikiwezekana iandikwe: wanaoruhusiwa kumchukua mtoto ni fulani na fulani. Kama baba na mama wametengana na kuna mvutano, mwalimu mkuu ajue. Si umbea. Mwalimu asiyejua atamkabidhi mtoto kwa yeyote anayesema "mimi ni mjomba wake", na kwetu Kusini mjomba ni mtu mzito, nani atambishia?

Ada haipo kwenye shule za msingi za serikali. Sare, madaftari na kalamu ni juu ya mzazi.

Hatua ya nne: maswali matano ya kuuliza kabla hujaondoka

Uliza bila woga, mwalimu mzuri atafurahi. Nani ndiye mwalimu wa malezi na unasihi? Je, Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto lipo, na linaongozwa na nani? Vyoo vya wasichana na wavulana vimetengana na milango inafungika? Mtoto asipofika shule, nitajuaje? Adhabu zinatolewaje na nani?

Swali la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtoto anaaga nyumbani, shuleni hafiki, na pande zote mbili zinaamini yuko kwa mwenzake. Kubalianeni: asipoonekana hadi saa nne asubuhi bila taarifa, simu ipigwe. Na siku akiumwa, wewe ndiye umpigie mwalimu.

Hatua ya tano: mafunzo ya nyumbani

Kabla ya Januari, mtoto ajue kutaja jina lake lote, jina la mzazi, mtaa au kijiji, na namba moja ya simu kwa kichwa. Ajue kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani hakuna anayezigusa kwa mchezo wala kwa siri, awe mwalimu, jirani, kaka au babu. Ajue pia kwamba hakuna siri ya mtu mzima anayotakiwa kuificha kwa mama. Mwambieni kwa sauti ya kawaida, wakati wa kuoga au kula. Ukimtisha atanyamaza, na kunyamaza ndiko anakokutegemea anayemdhuru.

MASWALI MLIYOULIZA

Bibi, Nachingwea: *Mwalimu, ninalea mjukuu. Mama yake yuko Dar es Salaam, baba simjui alipo. Cheti hana, kadi ya kliniki iliungua na nyumba. Watampokea?*

Shikamoo Bibi. Nenda shuleni na mjukuu, usisubiri cheti. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji akuandikie barua ya kumtambua mtoto na kukutambua wewe kuwa mlezi wake. Muulize pia muuguzi wa zahanati alikozaliwa au alikochanjwa, kumbukumbu hubaki kwenye rejesta zao. Cheti kifuatilieni taratibu, mama yake akusaidie huko aliko. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aandikishwe na ahudhurie hadi amalize, na wajibu huo umeshauchukua wewe Bibi. Namba ya simu ya mama yake mpe mwalimu, ila wa kupigiwa kwanza uwe wewe uliye karibu.

Baba wa watoto wawili, Tandahimba: *Msimu wa korosho tunalala shamba. Nikimrudisha mtoto Februari kuna ubaya gani? Pili, mwaka jana mkubwa wake alirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa uji. Ni sahihi?*

Baba, Januari ndiyo mwezi tunaowafundisha watoto kukaa, kushika penseli na kutambua sauti za herufi. Mtaala unaotumika darasa la kwanza tangu 2024 umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila wiki inasimama juu ya iliyopita. Anayeingia Februari anakuta wenzake wanaunganisha silabi na yeye anaona michoro. Baadhi ya wanaoacha shule darasa la tatu walianza kwa kuchelewa hivi. Kama shamba haliwezi kuachwa, mwache mtoto kwa shangazi aliye karibu na shule, lakini mchagueni mtu huyo kwa makini sana, na umtembelee ghafla bila kutoa taarifa.

Kuhusu uji: chakula shuleni ni jambo jema, na wazazi hukubaliana kwenye mkutano kiasi na namna ya kuchangia, iwe mahindi au fedha. Ila mtoto harudishwi nyumbani wala haadhibiwi kwa mchango ambao mzazi hajatoa. Agizo la kuzuia watoto kufukuzwa kwa michango lilitolewa na Rais Magufuli mwenyewe Januari 2018. Zungumza na mwalimu mkuu, ikishindikana afisa elimu kata. Na mkutano ukiitwa, hudhuria. Ukikosekana, kiasi kinapangwa na waliokuja.

Mama Mikindani: *Mwanangu wa darasa la pili amerudi na alama za fimbo mgongoni na mapajani. Mume wangu anasema tuache, asije akachukiwa na walimu.*

Pole sana dada. Kwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, viboko havizidi vinne, vinatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina kabisa. Mahali ni mkononi au makalioni juu ya nguo. Mgongo haumo kwenye kanuni yoyote.

Mpeleke zahanati leo, alama ziandikwe. Piga picha. Kesho nenda wewe na baba yake pamoja, muombe mwalimu mkuu awaonyeshe kitabu cha adhabu. Usiende kwa kelele, nenda na tarehe na picha. Ukiona mnazungushwa, nenda kwa afisa elimu kata, halafu afisa elimu awali na msingi wa halmashauri. Nidhamu ya walimu wa serikali iko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, ina ofisi wilayani. Mimi ni mwalimu na sioni aibu kuyasema haya. Kwa hofu ya mume wako: mtoto ambaye wazazi wake wanajulikana kuwa wanafuatilia ndiye anayeguswa kwa uangalifu zaidi.

Mama, Newala: *Bibi yake anataka binti yangu achezwe unyago Desemba. Yuko darasa la pili. Je, nitakuwa nimevunja sheria?*

Unyago wenyewe ni mila yetu, na sikuiti mvunja sheria. Niulize mimi kama mama, nitakwambia ana miaka michache mno kwa mafundisho yanayomhusu mke, na wazee wengi wenye busara sasa wanakubali kusubiri au kumpa mtoto yale ya adabu na usafi tu. Keti na bibi yake, umwite na mjomba, mliseme kwa heshima. Mkikubaliana kufanya, iwe ndani ya likizo na aripoti siku ya kwanza ya muhula. Mjue kungwi, ujue analala wapi na nani yuko naye usiku. Halafu baada ya kutoka, ndugu na majirani wote waelewe kwamba bado ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30.

Jirani, Kilwa Kivinje: *Mtoto wa jirani ameniambia jambo baya analofanyiwa na ndugu anayekaa nao. Familia inasema wataliongea wenyewe. Mimi si mzazi wake, nina haki gani?*

Si haki tu, ni wajibu. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kudhuriwa azifikishe serikali za mitaa. Nenda leo kwa afisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kata, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Simu 116 ni ya bure na wanapokea taarifa za watoto.

Kama ni la kuingiliwa kimwili na limetokea karibuni, kila saa ina thamani. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Polisi watatoa PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali, na hospitalini afike ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zifanye kazi. Akiwa hali mbaya, hospitali kwanza.

Usimhoji tena na tena. Mwambie umemwamini na kosa si lake, basi. Na yeyote atakayekwambia "ni neno la mtoto tu", ajue kwamba kwa Sheria ya Ushahidi, kwenye makosa ya kingono, mahakama ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wake peke yake. Hilo la kulipana mbuzi na kusameheana halifuti jinai. Baada ya taarifa, mwambie na mwalimu wake wa malezi, kwa siri, ili shuleni aangaliwe.

Baba, Mtwara mjini: *Tunahama kikazi. Nimempata wa kumpokea mwanangu wa darasa la tatu shule binafsi ya bweni mkoa mwingine. Nimwandikishe upya?*

Usimwandikishe upya. Ana namba yake ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, inayomfuata hadi mtihani wa mwisho, kwa hiyo omba uhamisho kwa mwalimu mkuu wako wa sasa, shule mpya impokee kwenye mfumo huohuo. Akiandikwa mara mbili, usumbufu utauona wakati wa upimaji wa darasa la nne. Lakini kuhusu bweni, simama kwanza: kuanzia Machi 2023 Serikali ilisitisha bweni kwa darasa la kwanza hadi la nne, linaruhusiwa kuanzia la tano. Shule inayokuahidi kitanda kwa mtoto wa darasa la tatu, iulize ina kibali gani cha Kamishna wa Elimu, na ukione kwa macho kabla hujalipa chochote.