Kutibu Maumivu ya Kiuno Baada ya Kujifungua kwa Mazoezi

Mama anayeumwa kiuno wiki kadhaa baada ya kujifungua mara nyingi huambiwa avumilie, au huambiwa aanze mara moja mazoezi ya kukunja tumbo ili mwili urudi ulivyokuwa. Shauri la kwanza humwacha na maumivu ambayo yangeweza kutibika, na la pili huweza kuyazidisha. Manufaa ya tiba ya mazoezi hayatokani na wingi wa mazoezi bali na mpangilio wake: pumzi kwanza, kisha misuli ya ndani, kisha mwendo wa miguu na mikono, na uzito mwisho kabisa.

Sababu ya mpangilio huo inaonekana mtu akijua kilichotokea mwilini. Mfuko wa uzazi unaokua huivuta misuli ya tumbo hadi ikarefuka na kupungukiwa nguvu, huku homoni, relaksini ikiwa mojawapo, zikilegeza kano zinazoshikilia viungo vya fupanyonga. Baada ya kujifungua homoni hizo hushuka upesi, lakini misuli na kano huchukua miezi kurudia ukakamavu wake. Katika miezi hiyo hiyo mama huinama mara nyingi kwa siku kumbadilisha mtoto nepi, hukaa muda mrefu akinyonyesha, hubeba mzigo unaoongezeka uzito kila wiki, na hapati usingizi wa kutosha.

Kifikirie kiwiliwili kama pipa. Kifuniko chake ni kiwambo, ule msuli mpana wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Kitako chake ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandazwa chini ya nyonga na kushikilia kibofu na mfuko wa uzazi. Ukuta wa mbele na wa pembeni ni misuli ya ndani ya tumbo inayozunguka kama mkanda. Na nyuma kuna misuli midogo inayoshikilia pingili za uti wa mgongo. Sehemu hizi hufanya kazi pamoja. Kitako na ukuta wa mbele vikilegea, misuli ya nyuma hubeba kazi isiyo yake, na hiyo ndiyo inayolalamika. Ndiyo maana mazoezi ya kiuno hayaanzii kiunoni.

Wengi huilaumu sindano ya ganzi ya mgongoni waliyochomwa wakati wa uchungu. Mahali ilipoingia sindano panaweza kuuma kwa siku chache, lakini tafiti zilizowalinganisha waliochomwa na wasiochomwa hazikuonyesha kwamba sindano hiyo huleta maumivu ya kiuno ya muda mrefu.

Kabla ya kuanza

Yapo maumivu ambayo hayafai kufanyiwa mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Ganzi katika msamba au sehemu ya ndani ya mapaja, mkojo kukataa kutoka, haja kubwa kutoka bila kujua, au mguu kupoteza nguvu, ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, uchafu wenye harufu mbaya kutoka ukeni, kidonda kinachotoa usaha, damu nyingi inayorudi ghafla, uvimbe wenye maumivu katika mguu mmoja, kubanwa na kifua, na kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu, vyote vinahitaji kuonwa bila kuchelewa. Maumivu makali ya ghafla katikati ya mgongo, yanayozidi kila mama anaposimama, nayo yachunguzwe, kwa sababu mara chache sana pingili huvunjika kutokana na mifupa kudhoofika wakati wa ujauzito na kunyonyesha.

Aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo anaweza kuanza mazoezi ya pumzi na ya sakafu ya nyonga katika siku za mwanzo, mara anapojisikia tayari. Aliyewekewa mpira wa mkojo asubiri mpaka utolewe na akojoe kama kawaida. Aliyejifungua kwa upasuaji huanza na pumzi na kutembea polepole. Mazoezi yanayolemea tumbo yasubiri takriban wiki 6 na ruhusa ya aliyekagua kidonda, na katika muda huo asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake.

Jambo jingine la kuangalia ni mwachano wa misuli ya tumbo. Lala chali, kunja magoti, weka vidole vya mkono mmoja juu kidogo ya kitovu, kisha nyanyua kichwa taratibu. Utahisi kingo mbili za misuli zikikaribia vidole. Nafasi inayozidi upana wa vidole viwili, au sehemu ya kati inayodidimia bila kuonyesha ukinzani wowote, maana yake ni kwamba hatua za mwanzo zinahitaji muda mrefu zaidi. Usipime kila siku. Nafasi hiyo hubadilika polepole, na kuipima mara kwa mara huongeza wasiwasi tu.

Pumzi na sakafu ya nyonga

Lala chali, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini, mkono mmoja juu ya mbavu za chini na mwingine chini ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukiziacha mbavu zitanuke pembeni na tumbo linyanyuke kidogo, na wakati huo sakafu ya nyonga ilegee. Unapotoa pumzi kwa mdomo, taratibu kama anayepoza kinywaji cha moto, kaza sehemu inayozuia hewa kutoka na ile inayozuia mkojo, kana kwamba unazivuta zote kwa juu na ndani. Ukifanya sawasawa utahisi sehemu ya chini ya tumbo ikijivuta ndani yenyewe bila mgongo kusogea. Hiyo ndiyo misuli ya ndani ikiamka.

Zoezi hili linaonekana dogo mno, na wengi hulipita haraka kwa sababu halitoi jasho. Ni kosa, kwa kuwa mazoezi yote yanayofuata yanasimama juu yake. Makosa mengine ya kawaida ni kubana pumzi, kukaza makalio na mapaja badala ya sakafu ya nyonga, na kusukuma chini kama anayejisaidia. Anza kwa kukaza sekunde 3 hadi 5, legeza kabisa kwa muda kama huo, rudia mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku. Kadiri wiki zinavyopita, fikia sekunde 10. Kulegeza ni nusu ya zoezi, na mama ambaye sakafu yake ya nyonga imekakamaa badala ya kulegea atanufaika zaidi na nusu hiyo. Usifanye zoezi hili la kukaza kwa kukata mkojo katikati, maana huko ni kukizuia kibofu kujimwaga vizuri.

Kuongeza mwendo

Pumzi ikishakuwa rahisi, baki ulivyolala na uanze kuitikisa nyonga. Toa pumzi, kaza kama ulivyojifunza, kisha bonyeza kiuno taratibu hadi kiguse sakafu. Vuta pumzi na ukiachie. Mara 10 zinatosha. Zoezi hili hupunguza ukakamavu wa asubuhi, na linaweza kufanywa kitandani kabla ya kuinuka.

Linalofuata ni kutelezesha kisigino. Nyonga ikiwa imetulia, toa pumzi huku ukinyoosha mguu mmoja kwa kuteleza juu ya sakafu, kisha urudishe. Halafu mguu wa pili. Kazi yenyewe haiko mguuni, iko katika kuizuia nyonga isiyumbe. Kiuno kikinyanyuka kutoka sakafuni, fupisha mwendo.

Kisha nyanyua makalio: nyayo zikiwa chini, toa pumzi, kaza, na uinue nyonga mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja, kaa sekunde 3 hadi 5 na ushuke polepole. Katika hatua hii misuli ya makalio inaanza kuupunguzia mgongo mzigo, na kwa maoni yangu ndiyo misuli inayosahauliwa kuliko yote katika mazoezi ya mama wa mtoto mchanga. Ukihisi kazi yote iko mgongoni, umenyanyua juu kupita kiasi.

Baada ya hapo piga magoti na uweke viganja chini, mgongo ukiwa bapa kama meza. Nyoosha mguu mmoja nyuma bila kuutupa juu, urudishe, badilisha. Ukiweza kufanya mara 10 kila upande bila nyonga kupinda, nyoosha pamoja na mguu huo mkono wa upande wa pili. Seti mbili au tatu, siku tatu au nne kwa wiki, ni kipimo kizuri kwa wengi.

Mama ambaye maumivu yake yako chini zaidi, karibu na vishimo vya juu ya makalio au kwenye mfupa wa kinena, na yanayochoma anapogeuka kitandani au kupanda ngazi, huenda shida yake ni viungo vya fupanyonga. Huyu abaki zaidi na mazoezi yanayotumia miguu yote miwili kwa usawa, afupishe hatua anapotembea, na avae nguo akiwa ameketi.

Kutembea kunaambatana na hatua zote. Anza na dakika 5 au 10 na uongeze kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linawashauri wanawake waliojifungua wasio na kizuizi cha kiafya wafikie angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, lakini hilo ni lengo la kufikiwa taratibu. Mazoezi ya kiasi hicho hayapunguzi maziwa; ila kumnyonyesha mtoto kwanza huondoa uzito wa matiti unaosumbua.

Kujua kipimo chako

Maumivu kidogo yanayotulia muda mfupi baada ya mazoezi hayana ubaya. Yakibaki juu kuliko kawaida mpaka kesho yake, rudi nyuma hatua moja, usiache kabisa. Angalia pia mambo matatu ambayo hayaumi lakini yana maana ile ile: tumbo kufura katikati kama paa la nyumba, mkojo kuponyoka, na kuhisi uzito ukeni kana kwamba kitu kinashuka. Kwa sababu hiyo kukunja kifua kuelekea magotini, kunyanyua miguu yote miwili kwa pamoja, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu havifai katika miezi ya mwanzo, hata kama vinasifiwa kila mahali.

Mkanda wa kubana tumbo au nyonga unaweza kutuliza maumivu wakati wa kusimama na kutembea. Uvae kwa muda fulani wa siku, usiubane hadi pumzi ikwame, na usiuchukue badala ya mazoezi.

Saa zilizobaki za siku

Mazoezi ya dakika 20 hayawezi kushindana na saa nyingi za kuinama vibaya, hivyo kazi za mtoto zenyewe zigeuzwe mazoezi. Kila unapomnyanyua, msogeze kwanza kifuani, kunja magoti na nyonga, toa pumzi, kaza, ndipo uinuke. Mbadilishe nepi juu ya kitu kilicho usawa wa kiuno chako. Unaponyonyesha, egemeza mgongo, weka mto chini ya mkono, na umlete mtoto kwenye titi badala ya kuliinamishia titi kwake. Kutoka kitandani, geuka ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Badilisha upande unaombebea, maana nyonga inayosukumwa upande mmoja kila siku huendelea kuuma hata kama mazoezi yanafanywa vizuri.

Ukifika hatua ya kuchuchumaa na kuinuka mara 10 ukiwa umembeba mtoto bila dalili yoyote kati ya zilizotajwa, ongeza uzito mdogo mdogo. Kukimbia na kuruka kusubiri angalau wiki 12, na hata hapo kuwe baada ya kuweza kutembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu wala mkojo kuponyoka. Ikiwa umefuata mpangilio huu kwa wiki 6 na kiuno hakijabadilika, au mkojo bado unaponyoka miezi mitatu baada ya kujifungua, muone mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na afya ya wanawake, na umwombe aichunguze sakafu ya nyonga pamoja na mgongo.