Giza, mbaamwezi na kodi ya nyumba: ninavyopanga pesa za nyumba isiyo na mshahara

Mume wangu ni baharia kwenye boti ya dagaa hapa Tanga. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani Ngamiani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupokea mshahara wa mwisho wa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wenye mwezi taa haifai kitu, kwa hiyo yeye huingia baharini siku za giza. Mbaamwezi ikija, boti hukaa ufukweni wiki nzima na zaidi. Mgawo hupigwa baada ya kutoa mafuta na chakula cha safari, kisha fungu la mwenye boti, na kinachobaki ndicho cha mabaharia. Kuna giza ambalo ameniletea laki nne, na kuna giza ambalo amerudi na elfu sitini na samaki wa mboga.

Mafundisho mengi ya bajeti huanza hivi: chukua mshahara wako, ugawe mafungu. Sisi wa kushona, wa kuvua, wa kuchoma mahindi na wa bodaboda hatuna cha kugawa siku hiyo. Ndiyo maana naandika nilivyofanya mimi, na hesabu zake, ili mwenye nyumba ya namna hii aone pa kuanzia.

Anza kwa daftari, na daftari lenyewe liwe la mwaka mzima. Mimi nilinunua daftari la kaunta, ukurasa mmoja kwa kila wiki. Upande wa kushoto niliandika kila kilichoingia, cha kwangu na cha mume wangu, baada ya kutoa gharama za kazi: uzi, zipu, bitana, sindano. Upande wa kulia niliandika kilichotoka. Sikubadili chochote cha matumizi mwaka ule, niliandika tu. Kama huwezi kungoja mwaka, kaa na mwenzio mkumbuke miezi kumi na miwili iliyopita mmoja mmoja. Mtashangaa mnavyokumbuka mkianza na matukio: "mwezi ule tuliozika kwa shangazi uliingiza kiasi gani?"

Mwaka wangu ule ulitoa 6,360,000. Ukigawa kwa 12 unapata 530,000 kwa mwezi, na hapa ndipo wengi tunapojipoteza, kwa sababu mwezi wa 530,000 haukuwepo. Kulikuwa na mwezi wa milioni na ushee, wakati watu wanashona nguo za Idi, na kulikuwa na miezi mitatu ya 335,000, 348,000 na 355,000. Mimi niliitazama hiyo mitatu. Wastani wake ni 346,000, ambao kwa wiki ni karibu 80,000. Nikasema: nyumba hii italishwa kwa 80,000 kwa wiki, mwezi uwe wa neema au wa shida.

Nilianza na kipimo cha miezi dhaifu kwa sababu nyumba ikishazoea mwezi mnene, kuirudisha nyuma ni ugomvi. Watoto wakizoea soda na kuku kila Jumapili, ukiwaondolea wanaona baba yao amefilisika. Wakizoea meza ileile kila wiki, hawajui giza hili lilikuwa zuri au baya. Kwetu 9,000 kwa siku ni ya chakula, inafika 63,000 kwa wiki. Iliyobaki, 17,000, ni luku, maji, mkaa na sabuni. Tunajilipa kila Ijumaa jioni. Nasema "tunajilipa" kwa makusudi: pesa zote zinazoingia nyumbani, hata laki nne za giza moja, huingia kwanza kwenye laini ya pili ya simu ambayo hakuna mteja wala ndugu mwenye namba yake. Ijumaa natoa mara moja tu. Zamani nilikuwa natoa elfu kumi kumi kila siku, na makato ya wakala yalikuwa yanakula mboga ya siku mbili kwa mwezi.

Sasa niseme kuhusu gharama tunazoziita za dharura, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2022, kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka unaochafua bahari, ilipokuwa imekaza, mwenye nyumba alikuja kudai kodi. Kwetu inalipwa miezi sita kwa mpigo, 300,000. Mkononi nilikuwa na laki moja. Nikachukua mkopo wa laki mbili wa wale tunaowaita kausha damu, marejesho 9,000 kila siku kwa siku thelathini. Jumla 270,000. Pesa ya chakula ya siku nzima ilikuwa inaondoka kabla sijawasha jiko. Nilipomaliza kulipa nilikaa na daftari nikajiuliza: kodi hii niliijua tangu lini? Niliijua tangu siku niliyolipa ya kabla yake. Miezi sita kamili. Haikuwa dharura hata kidogo.

Basi nikaandika kila kinachokuja mara moja moja ambacho tarehe yake naijua, au angalau najua hakitakosa kuja ndani ya mwaka:

Kodi mara mbili, 600,000.
Shule mwezi wa Januari kwa watoto watatu, sare, viatu, mabegi na madaftari, 240,000. Shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, hazina ada tangu 2016, lakini mtoto haendi bila viatu.
Muhula wa Julai, 90,000.
Idi zote mbili, pamoja na zaka ya fitri, 260,000.
Harusi na misiba, 360,000.
Matibabu, 200,000.
Kwenda kuwaona wazazi, 120,000.
Cherehani: mota, mkanda na fundi wake, 80,000.

Jumla ni 1,950,000, ambayo ukigawa kwa wiki 52 unapata 37,500. Hicho ndicho kiasi kinachotoka kila Ijumaa pamoja na ile 80,000, kinakwenda kwenye mfuko wa matukio. Ukijumlisha mwaka mzima, chakula na matukio vinakula 6,110,000 katika ile 6,360,000. Inabaki 250,000. Ndogo, lakini kabla ya hapo ilikuwa haionekani kabisa.

Utaniuliza, wiki ambayo hakijaingia kitu natoa wapi 117,500? Natoa kwenye laini ya pili, kwenye zile za miezi minene. Na kama laini imekauka, ya chakula inatangulia, na ya matukio naiandika kwa kalamu nyekundu kama deni letu wenyewe, lilipwe kwenye mgawo wa kwanza mzuri. Usiifute. Ukiifuta wiki tatu mfululizo umeshazaa mkopo wa kausha damu.

Jambo jingine ambalo ni la mafundi hasa, ingawa hata mpishi wa keki na fundi seremala linamhusu. Advansi ya mteja si kipato. Mteja akileta kitambaa cha gauni la 25,000, anaacha 12,000. Mkono unawasha, na nyumbani mafuta yamekwisha. Lakini ndani ya hiyo 12,000 kuna bitana, zipu na uzi wake, na iliyobaki ni ya kazi ambayo bado hujaifanya. Ukiila leo, kesho utahitaji advansi ya mteja wa pili kununua zipu ya wa kwanza, na ndivyo fundi anavyofika mkesha wa Idi na vitambaa ishirini visivyoguswa na hana hata pesa ya uzi. Mimi nanunua vifaa siku ileile, na pesa iliyobaki naitia kwenye bahasha, naibana kwa pini kwenye kitambaa cha mwenyewe. Bahasha inafunguliwa nguo ikishapigwa pasi. Imenifundisha pia kumaliza kazi mapema, kwa sababu pesa yangu imelala pale naiona.

Halafu kuna kalenda. Hili nimechelewa kulielewa na ningependa wengine wasichelewe. Shule na kodi vinafuata kalenda ya kizungu. Idi inafuata mwezi mwandamo, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2020 Idi el-Fitri iliangukia mwishoni mwa Mei; 2025 ilikuwa mwisho wa Machi; ikifika 2030 itakuwa mapema Februari. Kwa mtu wa kawaida ni tarehe tu. Kwangu mimi ni msimu mzima wa kazi unaohama. Zamani pesa za nguo za Idi ziliniingia wakati kusi inaanza kupiga, bahari inachafuka, na mgawo wa mume wangu unapungua. Cherehani ilibeba bahari. Sasa msimu wangu unasogelea ule wa sare za shule, nashona usiku na mchana Desemba hadi Machi, kisha kuanzia Mei mpaka Septemba bahari na cherehani vinalegea pamoja. Idi el-Haj inasaidia, lakini wanaoshonesha upya si wengi, wengi huvaa ya Idi ile ya kwanza.

Kwa hiyo bajeti ya mwaka jana huwezi kuinakili. Kila Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, nachora miezi kumi na miwili ijayo kwenye karatasi, naweka alama ya kazi inapotarajiwa, ya kusi, na ya kila malipo makubwa. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza tuliona kodi ya pili inaangukia Julai, katikati ya ukame wetu. Nikaenda kwa mwenye nyumba, kwa adabu, nikamwomba: "Baba, nikulipe miezi mitatu sasa, kisha tuanze miezi sita kuanzia Oktoba." Alikubali. Si kila mwenye nyumba atakubali, lakini ombi la mtu aliyeshika pesa mkononi husikilizwa kuliko la anayeomba asogezewe siku ya deni.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba kwa hisa, nacho kipange kwa kalenda hiyohiyo. Kikoba chetu kilikuwa kinavunjwa Juni. Tukakubaliana kukivunja katikati ya Desemba, ili mgao wa hisa ukutane na Januari. Kwenye mchezo wa mtaani, ule wa kupeana pesa kwa zamu, naomba zamu ya Juni au Julai, sigombanii zamu ya kwanza. Zamu ya kwanza ni tamu, lakini ikikukuta mwezi ambao tayari una pesa, inapotea kwenye vitu.

Michango ya harusi ni ngumu kuliko yote kwa sababu ina uso wa mtu. Kadi ikija, wengi wetu tunataja kiasi cha kujionyesha. Mimi nina 360,000 kwa mwaka na ndani yake misiba inatangulia, kwa kuwa msiba hauna kadi. Nikiulizwa, nasema palepale: "Wifi, nina elfu ishirini, na nguo za mabinti wawili wa bibi harusi nitashona mimi." Ufundi wangu ni mchango halali. Hakuna aliyewahi kunirudishia.

Kwa anayeanza leo na hana kitu, tena yuko katikati ya kusi: usitafute 117,500. Chukua jambo moja tu la kulipia, lililo kubwa na la karibu, uligawe kwa wiki zilizobaki, na uanze na bahasha hiyo hata kama unatia elfu mbili. Mimi nilianza na kodi.

Na laini ya pili ikipungua kufikia chakula cha wiki mbili, kwetu tuna utaratibu ambao tuliuandika wakati tumeshiba. Nyama na kuku vinaondoka, tunakula dagaa na mchicha. Mkaa unawashwa mara moja, maharage ya siku mbili yanapikwa kwa pamoja. Safari ya kwa wazazi inasogezwa, nawapigia simu kuwaeleza. Nguo mpya hakuna, hata kama kitambaa kipo ndani. Mume wangu anakwenda kusuka nyavu za watu kwa kutwa. Visivyoguswa ni viwili: bahasha ya kodi, na dawa za presha za mama mkwe.